Natoa Maoni Juu ya Riwaya Ambayo Haipo, na Mwenzangu Anadai Ameimaliza

Mshauri mpendwa,

Nisaidie, na ukiweza nisaidie upesi, kwa sababu daktari alimwambia binti yangu kwenye korido kwamba mzee ayaweke mambo yake sawa, akasema kwa sauti ya chini akidhani sisikii, kumbe kilichochakaa ni macho na moyo, masikio hayajambo. Naandika kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi, kwa hiyo mistari ikipandana uniwie radhi. Maisha yangu yote nilikuwa msahihishaji wa vitabu vya sarufi na sijawahi kutoa kazi chafu namna hii.

Jambo lenyewe ni hili. Kila Jumamosi alasiri tunakutana wasomaji wanne kwenye chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya shule, katikati ya maboksi ya chaki na mashine ya fotokopi, na kila mmoja anaeleza riwaya anayoisoma na maoni yake. Yupo mwenye duka, mama wa makamo, ambaye husoma riwaya za mapenzi na kila wiki maoni yake ni kwamba hao wawili wangepigiana simu mapema kitabu kingekwisha ukurasa wa kumi. Yupo dereva mstaafu wa malori, tunamwita Breki kwa sababu hana, yeye husoma za upelelezi na hulalamika kwamba mpelelezi amekimbiza gari mchana kutwa na hajaweka mafuta. Na yupo muuguzi mstaafu, mjane kama nilivyo mimi, mtaa mzima unamwita Sista, ambaye akimkuta mhusika amejifungua ndani ya aya moja hukifunga kitabu na kusema, "Huyu mwandishi angeniuliza kwanza."

Sasa macho yangu yalipofifia, na hospitali wakakataa kunipasua kwa sababu ya moyo, niliona haya kusema, maana mimi ndiye mtu ambaye hata barua za kuomba kazi mtaani waliniletea niwasahihishie, itakuwaje leo niseme sioni herufi. Basi zamu yangu ilipofika nikainua kitabu nilichokuwa nimekipapasa kabatini na kukivika karatasi ya kalenda, binti yangu baadaye akaniambia ni mwongozo wa kutunza pampu za maji, nikaanza kutoa maoni juu ya riwaya ambayo haijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Walipouliza jina nikasema jalada limechanika na kurasa za mwanzo hazipo.

Ni hadithi ya fundi wa cherehani na mteja wake, ambaye kila mara huleta suruali ileile ya kijivu imefumuka palepale, na ukweli ni kwamba huifumua mwenyewe nyumbani kwa wembe ili apate sababu ya kukaa kwenye benchi la fundi. Basi, ni hayo tu. Sikujua kwamba watu wazima wanaweza kuhangaishwa na suruali kiasi hicho, mshauri, wakaacha hata kusoma vya kwao, wakawa wanakuja kusikia yangu. Na wakaanza kugombana, kwa sababu mimi nilikuwa nasema fundi akashona, mteja akakaa, yeye akamtazama yeye, na kwa makusudi sikutaja nani mwanamume na nani mwanamke.

"Fundi ni mwanamume, mteja ni mwanamke," Breki alisema. "Mwanamume hawezi kuwa mpumbavu wa kuchana suruali yake mwenyewe."

"Wewe uligonga geti lako mwenyewe ukiwa unalitazama," Sista akamjibu. "Fundi ni mwanamke. Na tena anajua."

"Anajua nini?"

"Anajua kwamba inafumuliwa. Ndiyo maana anaishona kwa uzi hafifu. Anataka irudi."

Mimi sikuwa nimetaja uzi hafifu. Haumo. Nilitaka kubisha kwamba fundi wangu ni mtu mwaminifu wa kazi yake, lakini nitabishia kitabu gani, nikaishia kukohoa.

Jumamosi iliyopita mambo yakaharibika. Breki, ambaye hawezi kukaa mahali akazidiwa, aliingia kabla hatujaketi akasema, "Ile riwaya ya mzee nimeipata kwa rafiki yangu. Ina jalada na kila kitu. Inaitwa Suruali ya Kijivu. Nimeimaliza jana." Jina lenyewe, nakiri, ni zuri kuliko ambalo ningelitunga mimi.

"Inaishaje?" mwenye duka akauliza.

"Mteja anakufa. Hajasema neno. Fundi anaikuta suruali kwenye kapu, anaikata matambara ya kufutia cherehani. Mwisho."

"Mateso ya bure hayo," mwenye duka akasema. "Wangepigiana simu."

Sista akasema, "Kama amekufa bila kusema, mimi sitaki kuisoma." Akachukua mkoba wake akaondoka, na chai ilikuwa bado haijamiminwa.

Mshauri, nimekasirika kama ambavyo sijakasirika tangu nistaafu, mtu amemuua mtu wangu ndani ya kitabu ambacho sijakiandika, na siwezi kumwita muongo bila kujiita mimi kwanza. Na kuna la pili, ambalo sijamwambia mtu. Yule mteja ni mimi. Binti yangu alininunulia mashine ya kupimia presha, hunipima kila asubuhi na kunisomea, na kwa dawa ninazomeza presha kwa kawaida iko sawa. Hata hivyo kila Jumanne najikongoja na fimbo mpaka sebuleni kwa Sista kumwambia nasikia kizunguzungu, naomba anipime. Naye hunifunga mkanda wa mashine yake mkononi, hupampu, husikiliza, kisha husema, "Iko juu kidogo, si ya kutisha. Rudi Jumanne ijayo." Imekuwa hivyo muda mrefu sasa. Nadhani mashine yake imechoka, haisemi kweli, ila nimeona si adabu kumwambia aibadilishe.

Sasa nifanye nini? Nisimame Jumamosi nikiri mbele ya wote kwamba riwaya haipo, Breki aaibike pamoja nami na Sista anione tapeli, au ninyamaze niondoke nayo, na mwisho wa Breki ndio uwe mwisho?

Msahihishaji Mstaafu

JIBU

Mzee wangu, pole kwa macho na pole kwa moyo. Pole zangu zimeishia hapo.

Umewashika watu wazima watatu kwa mwongozo wa pampu za maji. Ni aibu, lakini ndogo. Walikuja kutafuta hadithi na hadithi wameipata, wengine hununua vitabu halali wasiipate. Ninachokulaumu ni kuficha macho. Tena umemficha muuguzi. Unadhani mtu aliyefanya kazi wodini maisha yake yote hajaona kwamba unasoma bila kufunua ukurasa? Ameona. Amenyamaza kwa sababu anataka kusikia habari za suruali.

Breki usigombane naye. Mtu aliyemaliza kitabu kisichokuwepo hahitaji kutukanwa. Mwombe tu kwa upole alete nakala yake, ile yenye jalada, mwenye duka aitoe fotokopi. Mashine si iko hapo hapo?

Sasa tuje kwenye uzi hafifu, ambao unasema haumo. Ni kweli, kwenye riwaya haumo. Upo kwenye barua yako. Nyumbani presha iko sawa. Kwa Sista iko juu kidogo, rudi Jumanne ijayo. Kusahihisha vitabu vyote hivyo na sentensi kama hiyo imekupita? Ama moyo wako ukikaa kwenye kiti cha Sista unaenda mbio, ama Sista anakushona kwa uzi ambao anajua utakatika. Vyovyote iwavyo, mashine yake ni nzima. Na mtu haachi chai akaondoka kwa sababu ya suruali ya kwenye kitabu.

Kwa hiyo sikiliza. Jumamosi isubiri. Wewe nenda Jumanne, na kizunguzungu ukiache nyumbani. Nitakwambia kwa lugha ya kazi yako: umejificha kwenye nafsi ya tatu muda mrefu mno. Lugha yetu ina huruma, "yeye" mmoja anamsitiri mwanamume na mwanamke, fundi na mteja, mwenye ujasiri na mwoga. Umeitumia huruma hiyo mpaka imetoboka. Rudi kwenye nafsi ya kwanza na ya pili. Sema "mimi". Sema "wewe". Na sentensi iwe fupi, si kama hizi ulizoniandikia, maana moyo wako hauna pumzi ya viunganishi vyote hivyo.

Mwambie riwaya haipo. Mwambie huoni herufi. Halafu muulize yeye angependa iishe vipi, na Jumamosi mwende pamoja mkawaeleze wenzenu huo mwisho, wewe ukiwa umekaa tu, bila kitabu cha pampu mkononi. Usikubali Breki ndiye aandike ukurasa wako wa mwisho. Mwisho wake umeishiwa mafuta, kama gari la yule mpelelezi wake.

Unaogopa atakuona tapeli. Inawezekana, kwa dakika kadhaa. Nyinyi wawili mmekuwa mkidanganyana presha kila Jumanne, atakusamehe haraka kuliko unavyodhani.

Dawa za daktari endelea kumeza. Binti yako mwambie ukweli wa hizo safari zako za Jumanne, amechoka kushangaa. Na Sista akikufunga mkanda, akasikiliza, akasema iko juu kidogo, usibishe. Muulize tu kama Jumatano pia anapima.