Ile Karatasi ya Mbegu, Mama, Usiifungue

Musanda,
Mwezi wa Tisa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Wifi Mghoi, wewe unayemsomea, hujambo? Goti la Mama linaendeleaje, na baridi ya huko Wundanyi imepungua? Sisi huku mwili ni mzima. Wifi, kabla hujaendelea, muulize Mama ile karatasi ya mbegu za maua niliyomtumia iko wapi. Kama bado imekunjwa, iletwe uishike mkononi. Kisha soma.

Jana nimepata barua yenu. Mnasema mbegu zimefika, shamba limeshalimwa, na Mama anangoja tu wingu la kwanza azimwage kandokando ya mahindi kama nilivyomwelekeza. Nilipofika hapo nikakaa chini. Naogopa, Mama.

Nianze mwanzo. Huku kila mtu ni miwa, miwa imefika hadi mlangoni. Mume wangu Mwakio anavuta miwa kwa trekta kwenda kiwandani, harudi mpaka giza, na mimi nilibaki natazama majani tu. Nikashikwa na hamu ya ua, kama yale yako ya pale uani. Mwaka jana nikaliona moja kwenye nyasi za njia ya mtoni, zambarau, limesimama wima lenyewe. Nikalichimba na udongo wake nikalipanda mlangoni. Likafa. Nikachimba jingine, nalo likafa. Nikajiambia, mimi binti wa mwanamke anayeotesha hata mpini wa jembe, nitashindwa na jani la porini? Basi nikakusanya vichwa vilivyokauka nikavikung'uta. Mbegu zake ni vumbi, ukipumua zimekwenda.

Mwenye nyumba wetu, Mama Makokha, ni mjane. Shamba lake lote amelitia miwa, amejibakizia kipande kimoja nyuma ya nyumba, cha mahindi ya kula. Mvua za masika zilipoanza alikwenda Iguhu kumuuguza binti yake, akaniachia mimi kile kipande nipande na kupalilia. Nikapanda mahindi yake, na mbegu zangu nikazimwaga humo humo. Safari hii maua yakaota! Nikafurahi kama mjinga. Nikang'oa kila jani shambani isipokuwa yale. Mahindi yakadumaa, yakageuka rangi kama yamepitiwa na moto, nami nikasema ni jua. Mama, nilichota maji mtoni nikayanywesha maua. Kisha nikakutumia wewe mbegu, nikakuandikia kwa majivuno kwamba yanapenda kukaa na mahindi.

Jumamosi iliyopita Mama Makokha akarudi kuvuna. Nilimkuta amesimama mwisho wa mstari, kikapu kitupu mkononi. Nikamwonyesha maua yangu nikicheka. Akauliza kwa sauti ya chini:

"Umeipanda na mkono yako?"

Nikasema ndiyo.

"Hii ni kayongo, mwanangu. Inanyonyanga mahindi huko chini kwa mizizi. Na mbegu yake inalalanga kwa udongo miaka mingi, inangojanga tu."

Ndiyo maana mlangoni lilikufa. Peke yake halijiwezi, mpaka lipate mmea wa kunyonya. Kila mtoto hapa analijua, ila mimi niliyetoka mbali.

Tangu siku hiyo kisimani siendi peke yangu. Nikifika wanawake wananyamaza. Mgeni kupanda kayongo katika shamba la mjane aliyemwamini, hilo huku hawaliiti ujinga, wanaliita jina ambalo siwezi kuliandika. Mwakio ananiambia nijikaze, lakini jana nimemwona akitia komeo la pili mlangoni. Mama Makokha hajanifukuza. Kila asubuhi tunang'oa pamoja na kuchoma. Leo asubuhi aliinua kichwa akaniuliza kama kuna mtu mwingine niliyempa mbegu. Nikamwambia, nimempa mama yangu.

Akaacha kung'oa. Akasema, "Andika leo."

Basi nimeandika. Mama, hilo ndilo shamba lako pekee. Usiifungue ile karatasi hata kwa kuchungulia. Usiitupe jalalani wala kwenye samadi. Itieni motoni jikoni jinsi ilivyo. Na kama mvua imeiwahi barua hii, msinifiche. Niandikieni neno moja tu, imechomwa au imepandwa. Ikiwa imepandwa nitakuja, nitapita kila mstari kwa magoti yangu nikiyang'oa.

Nisalimieni Bibi, mwambieni shuka lake ninalo bado. Msalimieni mjomba fundi baiskeli, na kaka yangu arudipo kutoka Voi. Mwakio anawasalimu wote.

Ni mimi binti yako mwenye hofu,
Wakesho

Wifi, neno la mwisho. Najua Mama huweka barua zangu zote chini ya godoro. Hii asiiweke. Nimenawa mikono mara tatu kabla ya kushika kalamu, lakini gauni nililovaa ndilo ninalong'olea, na mbegu zile ni vumbi. Ukishamaliza kusoma, ichomeni pamoja na bahasha yake.