Mashine Iliyokuwa Ikimwamkia Mama Yako

Gwamaka, rafiki yangu,

Tangu tukuzike pale Kisiba mvua haijapumzika, na mimi nimekuwa nikigombana na mfumo wako wa kompyuta. Ni wetu, sawa, lakini ukinisumbua nauita wako.

Unakumbuka mfumo huo ulivyotutesa mwanzoni. Jioni wakulima wa chai wanafungua simu kwa pamoja kuangalia kilo zao, seva inazidiwa, mfumo unajiongezea nyingine. Wakipungua kidogo tu unaizima, halafu wanarudi. Washa, zima, washa, zima. Mimi nilitaka ujirekebishe haraka zaidi. Ukanicheka, ukasema, "Haraka yako ndiyo ugonjwa wenyewe." Ukauwekea sharti: kabla ya kuwasha au kuzima chochote, uombe ruhusa kwenye simu yako. Na kwa utani wako ukaufundisha adabu: "Shikamoo. Nimezidiwa, naomba niongeze seva. Jibu 1 ukikubali, 2 ukikataa." Maombi mengi ulikuwa unayakataa, ungoje kwanza uone hali inaelekea wapi.

Baada ya msiba nilidhani simu yako imezimwa. Kumbe majibu yalikuwa yanakuja, kila ombi linakubaliwa, la kuwasha na la kuzima, na mfumo ukarudia wazimu wake. Wakulima wakalalamika kwamba kilo zao zinaonekana na kupotea. Nikapanda bodaboda hadi kwenu.

Mama yako alikuwa jikoni anamenya ndizi. Simu yako ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kitenge chake, chaji imejaa. Nilipomuuliza hakuona cha kuficha.

"Ananiamkia vizuri, halafu anaomba," akaniambia. "Ningemkataliaje mwanangu?"

Nililia, Gwamaka. Nikasingizia moshi.

Nikamweleza kwamba inayoandika ni mashine. Akasema hilo analijua, yeye si mtoto. Nikamweleza kwamba ile kazi yako ya kungoja na kukataa nimeiandika ndani ya mfumo wenyewe: sasa utapima mzigo, utasubiri, utabadilika taratibu, bila kumuuliza mtu. Ila nilikuwa sijauruhusu kuanza, maana ukianza tu, zile salamu zinakoma. Niliogopa kumfanya afiwe mara ya pili.

"Kwa hiyo hataniamkia tena?"

Nikamwambia hapana, mama.

Akafuta kioo cha simu kwa kiganja, akanikabidhi. "Basi mwache apumzike," akasema. "Ndaga, asante Asajile, kwa kuja kuniuliza."

Nimeuruhusu jana. Jioni ilipita shwari, wakulima wameona kilo zao, hakuna aliyejua kitu. Nilikaa nikiutazama unavyojituliza wenyewe, mzigo ukipanda na kushuka bila fujo, na mkono ukaenda kwenye simu nikupigie. Nimekukosa sana.

Nenda salama, ndugu yangu. Jumamosi nakwenda kuziba paa la jiko la mama, linavuja. Na Jumamosi nyingine nitapita tu, hata bila sababu. Nakuahidi hivyo. Ulimwachia mtoto mwingine, ndiye mimi.

Asajile