Damu Isiyo na Mafuta

Kwako Kaniki, mutani yangu kule Kasenga,

Mimi hapa Lubumbashi niko muzima kupita wewe. Munganga wa hospitali alipima damu yangu, akasema haina mafuta, iko safi kama ya kijana.

Nimekudanganya. Hiyo ya kijana nimeongeza mimi. Alisema ini lenye nguvu linatengeneza mafuta na kuyatuma kwenye damu, na langu linashindwa, maana kansa inalikula.

Wiki iliyopita balitaka kupima tena, bakanikataza kula. Nikajificha chooni, nikakunywa mafuta ya mawese kikombe kizima, ili damu inone banirudishe nyumbani. Ilipotulia ndani ya chupa, ikawa na utando mweupe juu, kama maziwa. Munganga alicheka kidogo tu. "Tata, haya yametoka tumboni. Yale ninayotafuta, ini peke yake linayatengeneza."

Tangu hapo bote bananiheshimu. Bananisemesha polepole kama mutoto muchanga. Bagonjwa bengine, bandugu zao banabaletea bukari, ugali wa nyumbani, na kelele. Mimi ninakula nikiangalia ukuta.

Siku ile tulizika mama ya batoto bako, bantu bote balilia. Mimi peke yangu nikakutukana, kama mutani anavyopaswa, mpaka ukacheka, ukakula. Ninakudai matusi yale. Askari ba hii vita ya Katanga bamejaa njiani, Mungu akupitishe, lakini lori ya samaki ya huko kwenu ingali inakuja. Panda, uyalete matusi yangu wakati ningali na nguvu ya kuyajibu.

Mutani yako,
Mulenga