Meza ya Mama Mkwe Imevaa Gauni

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi, kwa sababu siku hiyo mama mkwe anakuja kwangu na sitakuwa na pa kuuficha uso, na chanzo cha yote ni meza.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, sebuleni, na meza ninayoisema ni ya kulia chakula, ya mbao nzito, mama mkwe alituachia alipohamia nyumba ndogo, akaniambia mbele ya mke wangu, "Kwenye meza hii nimewalisha wanangu wote, sikupi, nakuazima," na kila akija kututembelea, kabla hajaitikia salamu yangu, anapitisha kiganja juu ya meza kutoka mwanzo hadi mwisho kama mtu anayempapasa mtoto kuona kama ana homa, ndipo anageuka na kusema, "Haya, mkwe, hujambo?"

Sasa siku moja mke wangu yuko kazini, mimi nina suruali za watu za harusi, nikatandika blanketi juu ya meza nikawa napiga pasi, mteja akabisha hodi, nikaiweka pasi nilipodhani ni juu ya blanketi, kumbe ni juu ya mbao, tukasimama mlangoni tukiongea habari za kubana kiuno na kuachia paja mpaka harufu ikanifikia, nikarudi mbio nikakuta alama nyeusi yenye ncha mbele, alama ambayo mtu yeyote akiiona anajua ni pasi, huwezi hata kuisingizia sufuria.

Nikanunua msasa, ule mkali kabisa, nikaukunja kidoleni nikaanza kusugua palepale penye alama, na nilisugua kwa mshazari, maana kitambaa ukikikata kwa mshazari kinalala vizuri mwilini, nikajua na mbao ni vivyo hivyo, alama ikaanza kufifia lakini pakawa na bonde, siku hizi ukilaza bobini ya uzi wa cherehani jirani na pale inabiringika yenyewe kwenda kulala humo.

Hapo ndipo akaingia shemeji, kaka wa mke wangu, tunayemwita Injinia ingawa kazi yake ni kutengeneza simu, akanikuta natoka jasho, akasema, "Shemeji, unajitesa bure. Ngoja nikaazime grenda."

Nikamwambia, "Grenda si mashine ya kusagia vyuma?"

"Chuma chenyewe kinaiogopa, sembuse mbao!"

Mshauri, kufumba na kufumbua meza ilijaa miduara kama iliyotafunwa na mnyama mwenye mdomo wa mviringo, na kona mbili zikalika zikawa kama magoti, nikamnyang'anya, nikakimbilia msasa laini kuliko wote dukani, nikasugua mpaka mikono ikafa ganzi, ukifumba macho unasema meza imepona, nikapaka vanishi hapohapo, sikufuta hata vumbi kwa jinsi nilivyokuwa na haraka, ilipokauka miduara yote ikajitokeza ikiwa inang'aa, na juu yake vipele, kama meza ina ukurutu. Injinia akaukunja waya wa mashine, akasema, "Ukizima taa haionekani," akaondoka na grenda yake.

Nikaona nifanye kazi ninayoijua. Nikaishonea gauni. La buluu, lina marinda pande zote na lastiki chini ya ukingo ili lisivuliwe na mtu asiye na nia. Mke wangu aliporudi akauliza, "Baba watoto, meza ina nini?" nikasema nimeishonea zawadi, akafurahi mpaka akanikumbatia, akawasimulia majirani, sasa majirani wananiletea vitambaa niwavalishie meza zao, na zaidi ya hayo mke wangu akampigia mama yake, mama mkwe akaomba nipewe simu, akasema, "Mkwe, nasikia meza yangu inavaa kuliko mimi. Nakuja na dada zangu tulione hilo gauni. Tukishaliona utalivua, niishike mbao yangu."

Mshauri, ukoo wao uliposema binti yao hawezi kuolewa na mshona viraka, ni huyo mama aliyesimama akasema mimi ni mtu wa kweli. Sasa naomba unieleze, nitie bitana nene ndani ya gauni asihisi bonde? Injinia anashauri tuseme meza imezeeka.

Mimi, fundi cherehani mwenye mashaka.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, bitana weka kwenye makoti. Mwanamke anayeijua meza kwa kiganja utamdanganyaje kwa kitambaa? Na Injinia umwambie meza ikizeeka haioti miduara.

Kabla ya kukujibu nimepita karakana mbili za maseremala. Zote mbili zilicheka kwanza, ndipo zikasema meza inaponyeka. Tazama ukingo wake: kama nyuzi za mbao za juu zinaendelea mpaka pembeni, hiyo ni mbao nzima na ina nyama ya kutosha. Kama juu ni gamba jembamba lililobandikwa, acha kusugua leo hii na mwite seremala. Kwa maelezo yako ya uzito wake, nadhani umenusurika.

Kazi ya kwanza haina msasa. Mke wako akitoka kazini mketishe, livue gauni mbele yake, umweleze habari ya pasi. Atakasirika. Alikukumbatia kwa ajili ya marinda, ana haki. Lakini usimwachie aibu ya kuambiwa na mama yake, mbele ya mama zake wadogo na wakubwa, jambo lililofanyika sebuleni kwake.

Kisha itoe meza nje, jifunge kitambaa puani, uanze upya. Vanishi yako yenye vipele ikwangue kwanza kwa bapa la chuma. Ukiifuata na msasa moja kwa moja itaziba karatasi yote na utakuwa unasugua kwa gundi.

Makosa yako mengine nitakueleza kwa lugha ya kazi yako. Mbao ina uzi ulionyooka kama kitambaa, ila haina mshazari. Sugua kwa kufuata nyuzi, kwenda na kurudi kwa mkono mrefu. Ukizikata, kila punje ya msasa inaacha mkwaruzo, na vanishi kazi yake ni kuuonyesha. Ulitoka kwenye msasa mkali kuliko wote ukarukia laini kuliko wote. Hapo hukuondoa mikwaruzo, uliing'arisha. Anza na msasa namba themanini, maana namba ikiwa ndogo ndipo msasa unapokuwa mkali. Kaa nayo mpaka alama za grenda zimekwisha, usiwe na huruma na mkono wako. Ndipo uende mia na ishirini, ambayo kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya themanini, kisha mia na themanini ifute ya mia na ishirini. Kila ukibadilisha namba, futa vumbi lote. Punje moja ya namba kali ikibaki chini ya namba laini itakuchorea mstari utakaoujua siku ya vanishi.

Msasa usiukunje kidoleni, kidole ndicho kilichochimba bonde. Uzungushie kipande cha mbao kilichonyooka, kinachojaa mkononi. Ukifika ukingoni usikiache kipande kining'inie, la sivyo hata kona mbili zilizobaki zitakuwa magoti.

Utajuaje kama umesugua kila mahali? Una chaki. Chora mistari ya kupindapinda juu ya meza nzima, usugue mpaka yote ipotee, kisha chora tena kwa namba inayofuata. Iwe chaki ya kawaida, siyo ile yenye nta, maana nta vanishi haishiki. Halafu inama uitazame meza kwa mwanga unaotoka ubavuni, kama unavyotazama kitambaa cheusi dirishani kutafuta uzi uliokatika.

Bonde lenyewe halijazwi kwa kusugua. Panua eneo, shusha kidogo kidogo kuelekea pande zote, mpaka shimo liwe mteremko mpana ambao bobini haitauona. Mkono wa mama mkwe utauona. Ukitaka liishe kabisa, ni randa ya seremala kushusha uso mzima wa meza, na uamuzi huo si wako. Meza uliazimwa.

Ukimaliza mia na themanini, ipanguse meza kwa kitambaa chenye unyevu. Nyuzi zitasimama. Ziache zikauke kabisa, uzipitie kwa msasa uleule, kwa mkono mwepesi. Hapo simama. Nimesema simama, fundi. Vanishi isifunguliwe.

Jumapili mama mkwe akiingia, aikute mbao tupu, na wewe umesimama pembeni yake. Mwache apitishe kiganja. Kitafika penye mteremko, kitasita, na wewe usingoje aulize: "Mama, hapo niliweka pasi." Maneno hayo yanatosha, grenda ataisimulia Injinia mwenyewe, na ahudhurie. Mama huyo alikutetea kwa kuwa ulikuwa mtu wa kweli, hakukutetea kwa kuwa unajua useremala. Kisha muulize kama anataka randa, na muulize ni wapi panakwaruza, kwa sababu kiganja hicho kinaijua hiyo mbao kuliko msasa wowote. Atakapoonyesha, usibishe. Sugua hapo, kwa kufuata nyuzi, yeye akiwa anatazama. Vanishi utaipaka akisharidhika, nyepesi, mara mbili au tatu, ukipitisha msasa laini kila ikikauka.

Na dada zake watakapouliza liko wapi hilo gauni walilokuja kuliona, usitafute maneno. Vumbi la kufuta litakuwa limekuwa jingi, na gauni lile la buluu utakuwa umeshalikata matambara ya kulifutia. Waonyeshe tambara lililoko mkononi mwako, rinda lake bado linaonekana.