Pampu ya Dada Salome

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Mashine ya CD4, ile ya kuhesabu seli za kinga za wenye virusi vya UKIMWI, imegoma tena. Kontroli za asubuhi, zile sampuli za kuijaribia mashine, zimekataa — inahesabu nusu tu ya seli zinazotakiwa. Nimeosha njia ya sampuli. Nimebadilisha chujio. Nimekagua mirija kama kuna hewa. Hakuna. Presha inapanda kidogo halafu inalala. Nikafungua pampu ya maji: mpira wa ndani umepasuka. Imekwisha.

Eustace, mkuu wetu wa maabara, alisimama nyuma yangu muda wote. Nikamwambia mpya inaagizwa kupitia Dar, wiki kadhaa, pengine miezi. Akaangalia trei za damu mezani. Akasema wilaya zote za Shinyanga zinatutegemea sisi, Zakia, tafuta namna.

Mimi ndiye fundi wa vifaa tiba hapa. Kwa hiyo namna ni yangu.

Jumatano, 4 Septemba

Namna ninayo tangu juzi, sikutaka kuiandika. Masista wa kituo cha afya kule upande wa Bugarama wana mashine kama yetu. Wagonjwa wao ni wachache, wachimbaji na familia zao. Kesho ni siku ya kwenda kuwafanyia matengenezo.

Nitawaomba tu. Kuazima si dhambi.

Alhamisi, 5 Septemba

Sikuomba.

Dada Salome, anayeshika maabara pale, alinipokea kama ndugu. Shikamoo, marahaba mdogo wangu, kaa kwanza unywe chai. Vumbi la machimbo lote lile, lakini mashine yake inang'aa. Ametandika kitambaa chenye maji mlangoni kinase vumbi, na anakisuuza mwenyewe. Nikapitisha kontroli: safi, kuliko zetu hata siku za uzima.

Nilikuwa na maneno tayari. Dada, yetu imekufa, tuazimeni yenu. Kisha nikawaza: atasema ngoja amuulize sista mkuu, sista atakataa, nitarudi mikono mitupu. Mdomo ukasema mengine kabisa. Pampu hii imeanza kuchoka, niende nayo Shinyanga nikaiangalie.

Akashangaa. Mbona inafanya kazi vizuri?

Ndivyo zinavyoanza, nikasema.

Akaifuta vizuri ndipo akanipa. Wabeja, akasema. Ndiyo asante yao Wasukuma. Ananishukuru!

Ijumaa, 6 Septemba

Yetu inafanya kazi. Eustace hakuuliza pampu imetoka wapi. Alinisifu mbele ya wenzangu wote. Msikitini nimekaa hotuba nzima, sikumbuki hata neno.

Jumatano, 18 Septemba

Sasa Salome anatuletea damu za wagonjwa wake kwa basi. Leo basi liliharibika kabla ya Kahama, kasha la sampuli likakaa juani. Damu yote imeharibika. Haipimiki.

Nikampigia. Hakulalamika. Alisema tu kuna mmoja ana wasiwasi naye, kijana anaitwa Nkwabi, mtu wa Kishapu aliyekuja kuchimba. Amekonda, kichwa kinamuuma hakiachi. Majibu yake ndiyo alikuwa anayasubiri kwa hamu. Atamtafuta amtoe damu nyingine.

Kisha akauliza, kwa upole, pampu inaendeleaje.

Naifuatilia, nikasema.

Jumanne, 24 Septemba

Nkwabi hapatikani. Amehamia shimo jingine, wenzake hawajui ni lipi. Salome amemfuata mara mbili kwa bodaboda.

Nimemweleza Eustace kila kitu. Nilitaka anifokee. Hakufoka. Alivua miwani, akauliza, tukiirudisha leo, hawa wanaopanga foleni hapa nje tuwaambie nini? Nikainuka kuondoka. Nilipofika mlangoni akaongeza: lakini mimi sikukutuma udanganye.

Kweli. Hakunituma. Shida ya pampu ni ya wote, uongo ni wangu peke yangu.

Jumatatu, 30 Septemba

Nkwabi amepatikana. Wenzake walimkuta ameanguka kambini, wakamleta moja kwa moja hospitalini kwetu. Shingo imekakamaa, hatambui watu. Damu yake niliipitisha mwenyewe. Kontroli nzuri, presha imetulia, pampu inanguruma kama ilivyokuwa ikinguruma kule kwao. CD4 kumi na tisa; mtu mzima mwenye afya ana zaidi ya mia tano.

Daktari anasema ni fangasi wa kwenye ubongo. Nikamuuliza, kama majibu haya yangetoka siku zile alipotolewa damu ya kwanza, ingekuwaje? Akasema angeanza dawa mapema, akiwa bado anatembea. Akanitazama usoni, akaongeza kwamba hata hivyo huwezi kujua.

Nikitoka wodini, mama yake alinishika mkono kwa mikono miwili. Ameona koti jeupe. Kiswahili chake cha taabu. Alisema Mungu awatunzie mashine yenu, mwanangu, kule mtoto alikokuwa wanasema ilikuwa mbovu.

Nikaitikia amina. Nifanye nini? Nikaitikia.

Jumatano, 2 Oktoba

Pampu mpya imefika kutoka Dar. Nimeifunga kwetu, ya Salome nimeitoa na kuisafisha. Eustace ameona wepesi wa jambo hili. Irudishe, akasema, uwaambie imepona, basi, yameisha.

Nkwabi hajafungua macho.

Alhamisi, 3 Oktoba

Naandika hapa kwa Salome, kwenye kistuli chake, mashine inapata joto. Pampu nimekwisha kuirudisha mahali pake. Presha imepanda, imetulia.

Alishangilia kama mtu aliyerudishiwa mtoto. Kisha akauliza Nkwabi anaendeleaje, nikamwambia. Akakaa. Akajilaumu. Anasema angemtafuta kwa bidii zaidi, angepanda na ile damu kwenye basi mwenyewe, akaishika mapajani. Nikamsikiliza akijilaumu hivyo, huku nikikaza skrubu ambayo imekwisha kukazwa.

Baadaye akasema, kama mtu anayepitisha mazungumzo tu: nimesikia kwa dereva wenu kwamba yenu nayo ililala mwanzoni mwa Septemba. Mngetuambia, mdogo wangu. Tungewaazima hii tukapimia kwenu kwa zamu, damu ningekuwa naileta mwenyewe. Sista asingekataa, ni mtu mwelewa.

Ndiyo hivyo. Ningeomba, ningepewa.

Nikamwambia, Dada Salome, nina neno la kukuambia. Akainuka, akasema lisubiri kidogo, alete kontroli tuone kama mashine yetu imepona sawasawa. Amesema hivyo, imepona.

Taa ya kijani imewaka. Nasikia ndala zake zinarudi koridoni, na anaimba kwa sauti ndogo.