Shamba Lako la Mazinde Limeshika Unyevu

Wifi yangu Mwanaidi,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako sijui niiulize vipi, kwa hiyo naanza na yangu. Mimi mzima. Kaka yako mzima, ila magoti yanamsumbua akishuka mlima, na unajua alivyo, ukimuuliza atakwambia ni viatu. Halima wako amemaliza kujifunza ushonaji kule Lushoto mjini, amerudi nyumbani. Bada, ule ugali wa muhogo, anausonga kama wewe, mgumu mpaka mwiko unasimama wenyewe. Nakula hivyo hivyo.

Naandika nikiwa huku chini Mazinde, shambani kwako, ndani ya kibanda cha kufukuzia ndege. Ni mchana na jua linachoma. Kuna neno nilitakiwa kukwambia ukiwa hai nikalimeza, na leo nimekuja nalo.

Unakumbuka ulivyorudi nyumbani baada ya talaka, baba mkwe akakukatia shamba hili ili usije ukamtegemea mtu. Wengine walisema amekutupa nyikani, mvua yenyewe ya kubahatisha. Wewe ulilipokea kwa mikono miwili. Mimi ndiye niliyekusindikiza siku ya kwanza, tukashuka ile njia ya mkato ya Irente, jembe begani na chupa ya chai mkononi. Nimezaliwa Kwai, kwenye ukungu, nilikuwa sijawahi kulima juani namna hii. Saa nne tu nikakaa kivulini. Ukanicheka, ukaniita mtoto wa baridi, na jina hilo hukuliacha mpaka mwisho.

Na usafi wako ule. Ukishavuna, unakusanya mabua yote, unayachoma mpaka yanakuwa majivu meupe, halafu unafagia shamba kama ua wa nyumba. Ulisema mwanamke akiacha mabua shambani watu watadhani ameumwa au amegombana na mumewe. Nilikuwa nakufuata tu, nami nikifagia.

Halafu bwana shamba akaja kufundisha kikundi chetu cha akina mama habari za mkaa wa kutia kwenye udongo. Alichimba shimo, pana juu, jembamba chini. Akapanga mabua na magunzi makavu, akawasha kwa juu, akawa anaongeza kidogo kidogo, na kabla moto haujala kila kitu akaufukia kwa udongo. Kesho yake tukafukua mkaa mweusi, mwepesi, una vitundu vidogo vidogo. Akasema vitundu hivyo vinashika maji, mvua ikikatika mmea unakuwa na pa kunywa. Wifi, niliposikia hivyo nilikuona wewe na mahindi yako yanayokaukia njiani kila vuli. Nikanyanyuka hapo hapo. Somo lilikuwa halijaisha, lakini ng'ombe wangu alikuwa bandani hajakatiwa majani, nami nikaona la muhimu nimeshalipata.

La muhimu lilikuwa limebaki nyuma.

Nilikubembeleza wiki nzima mpaka ukakubali. Tukachoma, tukaponda, tukautia mkaa mkavu vile vile kwenye mashimo ya mbegu. Mahindi yakaota vizuri, yakafika magotini, yakasimama. Yakawa ya njano, shamba zima, wakati ya jirani yana rangi ya kijani. Ulisimama pale njiani ukaniambia, "Wifi, umelilisha shamba langu masizi." Hukucheka. Tangu nikujue, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuniambia neno bila kucheka.

Baadaye nikasikia kwa watu kwamba unasema nimeliua shamba lako. Nikakasirika, maana nilitaka uje kuniambia mwenyewe. Halafu ukaanza kuumwa. Nilikaa pembeni ya kitanda chako siku nyingi, nikakupa uji, tukaongea habari za ng'ombe, za Halima, za nani ameoa na nani ameachika. Habari za shamba hatukugusa. Wewe hukuanza, na mimi kiburi kilinikaba. Nilijiambia nitaomba radhi ukipata nafuu. Hukupata.

Tulipomaliza arobaini kaka yako akaitisha kikao. Akasema shamba la Mazinde limekufa, tuwaachie wafugaji walishe, na Halima akihitaji pa kulima atatafutiwa pengine. Wifi, pengine wapi? Huku juu tumebanana, kila tuta lina mwenyewe. Nilimtazama mwanao amekaa mkekani ameinamisha kichwa, nikajua wakishaingia ng'ombe pale hatarudi tena, na kosa ni langu. Nikasema mbele ya wote kwamba mimi ndiye niliyeliharibu, waniachie vuli moja. Wakakubali, nadhani kwa kunionea huruma.

Nikaenda kwa bwana shamba nikamweleza kila kitu, hata lile la majani ya ng'ombe. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema mkaa mkavu ni mgeni mwenye njaa, ukimweka karibu na chungu anakula yeye kwanza, watoto wanabaki kutazama. Ndiyo maana mahindi yalikosa chakula. Unatakiwa kushibishwa kwanza, uchanganywe na samadi na mkojo wa ng'ombe, uachwe wiki mbili ukiwa na unyevu, ndipo uingie shambani. Haya yote aliyasema siku ile ile, mimi niko njiani na mundu wangu.

Basi mimi na Halima tukaanza. Samadi tuliishusha kichwani kwa viroba, kutoka bandani kwangu mpaka huku chini, sijui safari ngapi, shingo ilikataa kugeuka. Mkojo kwenye madumu. Njiani watu walituzibia pua. Tukachoma mkaa hapa hapa, tukachanganya, tukafunika kwa majani ya migomba, tukasubiri.

Vuli ilianza vizuri, halafu mahindi yalipotoa mbelewele mvua ikakata. Siku zikapita. Ya jirani yakaanza kujisokota majani tangu asubuhi. Nikapiga magoti kwenye mstari wetu, nikachimba kwa kidole pembeni ya shina, na chini pale udongo ulikuwa mweusi, una ubaridi. Nilikaa nao mkononi nikikuita jina. Sikudanganyi, si shamba lote. Ile pembe ya juu mkaa ulituishia, na huko tulivuna mahindi ya kutia aibu. Lakini kwingine kote yalivumilia mpaka mvua ikarudi.

Kaka yako alikuwa hajashuka huku tangu tukuzike. Siku moja, kabla mvua haijarudi, alipita Irente, pale ukingoni watalii wanapopigia picha, akatazama chini akaliona. Kipande cha kijani katikati ya mashamba yaliyofifia. Alirudi nyumbani. Asubuhi nikamkuta anatafuta fimbo yake. Tulishuka pole pole, tukipumzika kila kona. Alipofika aliinama akachukua udongo, akaubana, na alipofungua kiganja ulibaki na alama za vidole. Akamwita jirani aje ashuhudie, akasema, "Hili ni la Halima. Asije mtu akaleta ng'ombe." Kisha akalia, Mwanaidi. Makaburini hakulia, alikuja kulia hapa. Mimi nikajifanya napalilia.

Kwa hiyo nina furaha, hata kama naandika na machozi. Halima ameshachimba shimo lake mwenyewe, kubwa kuliko langu, na juzi bwana shamba alipokuja kufundisha, Halima alikaa mpaka mwisho, akaniandikia na mimi somo lote.

Sasa lile neno. Nisamehe, wifi yangu. Nilikuharibia shamba nikiwa natafuta kukusaidia, na nikakuacha uondoke na uchungu ule kwa sababu sikutaka kuonekana nimeshindwa. Mungu akulaze mahali pema, penye kivuli. Nakuahidi kwamba nikiwa hai hakuna atakayemtoa mwanao hapa. Na siku nikikosea tena, nitakuja kaburini kwako kukwambia kwa mdomo wangu, usije ukasikia kwa majirani.

Wifi yako,
Zubeda