Mjane Ambaye Mumewe Yuko Hai

Jumapili, jioni. Tabora imekauka, vumbi limeingia mpaka kwenye kope, na mawingu yanatishia tu bila kunyesha. Nimerudi kutoka Sikonge leo mchana. Nina hasira, na sitajifanya imepoa.

Nianze na Neema, mshirika wangu katika biashara ya asali. Mimi nachukua asali kwa mama mdogo wangu kule Sikonge, naichuja na kuifungasha hapa mjini. Yeye anaendesha ukurasa wetu mtandaoni, na kazi hiyo anaijua. Ndiye aliyenifundisha kwamba video isipomshika mtu mwanzoni kabisa, kidole chake kimeshapita. Kwamba picha ya chupa peke yake mezani haimwiti mtu. Kwamba mteja akiuliza kitu kwenye maoni, ajibiwe kabla hajasahau kwamba aliuliza.

Wiki iliyopita nilimtumia video ya mama mdogo akirina asali. Moshi ulikuwa umemwingia machoni, machozi yanamtoka, naye anacheka huku akiyafuta kwa kiganja. Nikasafiri kwenda Kaliua kutafuta maduka ya kutupokea.

Neema akakata kicheko. Akabakiza machozi. Akaweka muziki wa huzuni na kuandika juu yake: "Mjane huyu hana tegemeo ila nyuki wake. Nunua chupa moja, umfute machozi."

Mjane.

Baba mdogo yuko hai. Ana afya kunishinda mimi.

Kule Kaliua niliona oda tu zinavyomiminika, nikafurahi kama mjinga. Ijumaa mama mdogo akapiga simu. Hata salamu yangu hakuitikia.

"Mwanangu, nimekukosea nini mpaka unizikie mume wangu?"

Wifi yake, dada wa baba mdogo, anaishi Urambo. Aliiona ile video kwenye simu ya jirani. Akampigia kaka yake, hapatikani, kama kawaida ya simu ya kaka yake. Akapanda basi akilia njia nzima. Aliingia uani Sikonge akipiga yowe, akamkuta marehemu amechuchumaa anafunga mnyororo wa baiskeli, mikono imejaa grisi.

Mtu angenisimulia habari hii ya watu wengine, huenda ningecheka. Wifi mtu alimkumbatia kaka yake, kisha akamgeukia mama mdogo na kumuuliza kama ndivyo anavyoomba usiku, mume afe apate wateja. Jana ukoo ukakaa kikao. Nikaenda.

Nilitoa shikamoo. Baba mdogo akaitikia marahaba bila kunitazama. Nikaeleza kila kitu, nikamtaja Neema, nikasema ukurasa ni wetu sote na aibu pia ni yangu. Baba mdogo akaomba kuiona video. Akaitazama mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Hata jina hamkuniwekea," alisema. "Nimekufa bila jina."

Wifi mtu akaniuliza, "Hao wanunuzi wenu wanapenda asali au wanapenda msiba?"

Nikairudisha simu mfukoni.

Mama mdogo alisema maneno machache tu: "Mimi nilikuwa nacheka." Akainuka kwenda jikoni. Hayo ndiyo niliyosafiri nayo kurudi mjini.

Nilipofika nikamwita Neema aje kwangu mara moja. Nilidhani atashika kichwa. Akanionyesha jinsi video ilivyosambaa, akasema watu hawanunui asali, wananunua hadithi. Nikamwambia hadithi ni ya mwenyewe, na mwenyewe hakuulizwa. Akasema nina roho ndogo, biashara haitaki watu wa hivyo.

Nikaifuta mbele yake. Nikapakia ile niliyorekodi mimi, pamoja na kicheko chote, na maelezo haya: huyu ni mama yetu, si mjane, mumewe yupo, tulidanganya, aliyenunua kwa ajili ya uongo ule arudishe tutamrejeshea fedha yake.

Neema akachukua mkoba wake. Akiwa mlangoni akasema nitamtafuta mzigo ukishaniozea.

"Asali haiozi," nilimjibu.

Tangu hapo najibu maoni. Matapeli. Wezi wa huruma. Mmoja ameandika kwamba alilia kwa ajili ya mama huyu na sasa anajiona mpumbavu. Huyo ndiye aliyeniumiza. Sijitetei, namjibu kila mmoja kwa jina lake. Katikati ya matusi kuna dada ameuliza asali hii ni ya maua ya miti gani. Nikamwandikia aya nzima kuhusu msitu wa miombo, nikaisoma tena, nikaona ni mara ya kwanza wiki hii nimeuza asali.

Mama mdogo amepiga tena. Amesema video nyingine nikitaka nitapata, ila ataongea yeye mwenyewe, na ataiona kabla ya watu kuiona. Nimekubali, na kuanzia leo ni hivyo kwa kila sura itakayoingia kwenye ukurasa wetu.

Lakini wifi yake hajamsamehe. Ameondoka kurudi Urambo bila kumuaga, na hilo siwezi kulifuta kwa kubonyeza.

Jumatano naenda Urambo kumuomba radhi. Simu nitaiacha nyumbani.